Jinsi ya kumuombea askari wa zimamoto pongezi rasmi ya Baraza la Madiwani na Bunge: mwongozo kamili, tulivyofanya sisi huku Mbeya

Habari zenu ndugu zangu. Mi nina steshenari huku Mbeya, kutwa nzima nawachapia watu barua za viwanja, za likizo, za kuomba kazi, na tangu ile ishu ya kisima hapa mtaani kwetu kila wiki mbili tatu anakuja mtu ananiambia na sisi kuna askari wa zimamoto alituokoa, tunataka baraza limtambue, tunaanzia wapi. Nimejibu mmoja mmoja nimechoka, sasa naandika yote humu, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na pale tulipokosea nitasema ili wewe usirudie.

Kwanza mjue ilikuwaje. Mwezi wa nane, kiangazi kimekaza, mtoto wa miaka saba alikuwa anacheza uwani kwa jirani akakanyaga mbao za kufunikia kisima cha kuchimba, mbao zilikuwa zimeoza, akaenda nazo chini. Maji yalikuwa yamepungua ndo pona yake, lakini kisima kirefu na chini hewa nzito. Kijana mmoja alishaanza kuvua viatu ashuke, wazee wakamshika wakamgombeza, na walifanya la maana sana, maana kwenye visima anayefuata kuokoa ndo huwa anakufa wa pili. Tukapiga 114. Gari likafika, wakashuka wanne, mmoja akabeba mtungi wa hewa mgongoni akavaa barakoa, wenzake wakamfunga kamba wakaanza kumshusha. Nakumbuka dereva alichukua gunia la viazi pale ukutani akalikunja akaliweka chini ya kamba pale inaposuguana na ukingo wa kisima, isilike, halafu akaweka goti lake juu ya lile gunia hakutoka mpaka mwisho. Alivyopanda juu yule afande mtoto alikuwa amefungwa kifuani kwake, mguuni kandambili moja. Bibi yake alikaa chini kabisa kwenye vumbi, akawa anarudia tu ndaga fijo, ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Mtoto yupo, anasoma.

Sasa sifa zilivyokuja! Mtaa mzima unamuimba. Lakini baada ya mwezi ukimuuliza mtu alikuwa nani yule afande anakwambia yule mrefu mrefu. Ndo nikasema hapana. Kumbukeni soko la Mwanjelwa lilivyoungua 2006, kumbukeni soko la SIDO lilivyoungua 2017, kila mtu wa Mbeya anakuambia alipoteza nini, nani alikuwa na duka wapi, ila wale waliosimama usiku kucha na mipira ya maji mikononi hamna anayewajua hata jina. Sifa za mdomo zinaisha. Kitu kikiingia kwenye muhtasari wa kikao cha serikali kinabaki, kina tarehe, kina jina, mtu anaweza kukifungua miaka 20 baadae. Hicho ndo tunakitafuta, cheti cha fremu ni nyongeza tu.

Hatua ya 1: Jua nani anaweza kukupa nini

Hapa ndo wengi wanapotea kwa hiyo nitakaa kidogo.

Zamani zimamoto ilikuwa ya halmashauri, wazee wetu bado wanasema "faya ya manispaa". Siku hizi siyo hivyo. Tangu Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Namba 14 ya mwaka 2007, ni jeshi kamili chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, wizara moja na Polisi, Magereza na Uhamiaji. Maana yake diwani wako, Meya wako, Mkurugenzi wako, hakuna hata mmoja ambaye ni bosi wa yule askari. Baraza haliwezi kumpandisha cheo, haliwezi kumuongezea mshahara, haliwezi kumpa nishani. Ukienda na barua inaomba "Baraza limpandishe cheo" unakuwa umeiua mwenyewe hapo hapo mlangoni.

Baraza linachoweza ni hiki: kupitisha azimio la pongezi, yaani wawakilishi wa wananchi wa jiji zima wanatamka kwamba tendo hili limefanyika na tunalithamini, linaandikwa kwenye muhtasari, linatolewa cheti au barua yenye saini ya Meya na Mkurugenzi, na nakala inapelekwa kwa wakubwa zake. Vyeo ni mambo ya jeshi lenyewe. Nishani za taifa ni za Rais. Lakini karatasi yenu ikiwa kwenye faili lake, siku wakubwa wanapokaa kuangalia nani kafanya nini, ipo.

Na msidhani pongezi haizai kitu. Novemba 6, 2022 ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria pale Bukoba, watu 19 wakafariki na 24 wakapona, mvuvi kijana Majaliwa Jackson alikuwa kati ya wa kwanza kufika kusaidia, habari yake ikafika juu mpaka Rais akaagiza aingizwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Yule hakuwa askari, alikuwa raia na mtumbwi wake. Ilitosha kwamba tendo lake lilisikika likiwa na jina.

Marekani huko mabunge ya majimbo yana utaratibu wa kawaida kabisa, mbunge anaandika azimio la kumpongeza zimamoto wa mji wake, linasomwa, anaitwa mbele na familia yake. Kwetu hamna fomu maalumu ya hivyo, ila milango ipo na iko wazi, lazima tu uigonge kwa mpangilio.

Hatua ya 2: Kusanya ukweli mapema, ndani ya wiki

Barua yetu ya kwanza ilikuwa kurasa mbili, nimeiandika mimi mwenyewe kwa uchungu wote, shujaa, simba, malaika, Mungu ambariki. Hakuna saa. Hakuna namba ya askari. Hakuna jina la kituo. Diwani aliisoma akaniuliza kwa upole tu, sasa mdogo wangu nikisimama pale nikaulizwa ilikuwa lini na saa ngapi nasemaje? Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo kaeni chini mkusanye haya. Tarehe na saa: fungua simu iliyopiga 114, ingia kwenye kumbukumbu za simu, piga skrinishoti, pale panaonyesha saa mpaka dakika, na fanya haraka maana simu nyingi zinafuta zenyewe. Muda gari lilipofika: tafuta aliyepiga picha au video, kila picha ina saa yake ndani ya simu. Mahali: mtaa, kata, nyumba ya nani, karibu na nini. Tendo lenyewe hatua kwa hatua, alichofanya kwa mikono yake siyo alivyokuwa jasiri. Ukiandika "alishuka kisimani akiwa amefungwa kamba, akamfunga mtoto kifuani, akapandishwa, mtoto akapelekwa hospitali akiwa anapumua" msomaji ataona ujasiri mwenyewe, huna haja ya kumwambia.

Mashahidi watatu wanatosha, ikiwezekana wasiwe ndugu. Kila mmoja aandike nusu ukurasa kwa mkono wake, jina, namba ya simu, saini. Asiyejua kuandika aongee, mwingine aandike, aweke dole gumba. Yule bibi ndo alifanya hivyo, na amini usiamini karatasi yake ndo iliyosomwa zaidi na watu kuliko yangu.

Mkikuta kuna jambo haliko sawa msilifiche. Kwa mfano watu walilalamika gari lilichelewa. Mi nilitaka kuiruka, mwenyekiti wa mtaa akasema iandike, sema barabara ya kuingilia ilikuwa na rundo la mchanga na kokoto ikabidi vijana wachimbe gari lipite. Na ni kweli, na kokoto zilikuwa za kwetu wenyewe. Ukificha kitu kama hicho halafu diwani wa kata nyingine akakijua, hoja yote inaonekana ya kupikwa.

Halafu mtoto. Akiwa ni mtoto aliyeokolewa usiweke jina lake kamili wala picha ya sura yake kwenye karatasi zitakazosambaa. Muombe mzazi ruhusa kwa maandishi hata kama ni jirani yako wa kula naye. Sisi tuliandika tu "mtoto wa kiume wa miaka saba".

Hatua ya 3: Nenda kituoni kwao kabla hujaenda popote

Hii watu wanairuka, wanataka iwe sapraizi. Usifanye hivyo kwa jeshi. Askari hana ruhusa ya kwenda kusimama mbele ya baraza au kuongea na waandishi bila wakubwa wake kuridhia, na ukimpeleka kienyeji unaweza kumletea matatizo badala ya sifa. Nenda kituoni, jitambulishe, omba kuonana na mkuu wa kituo, muelezee. Atakwambia umwandikie Kamanda wa Zimamoto wa Mkoa. Mwandikie barua fupi, nusu ukurasa, kwamba wananchi wa mtaa fulani tunakusudia kuomba Baraza limpongeze askari wako kwa tukio la tarehe fulani, tunaomba ridhaa yako, na uthibitisho wa jina lake sahihi, cheo chake, namba yake na wenzake aliokuwa nao zamu ile.

Kituo kina kitabu cha matukio, kila wito wa 114 unaandikwa, saa ya kupokea, saa ya kutoka, saa ya kufika. Saa zao na skrinishoti zenu zikifanana mna kitu kizito mkononi.

Sisi tulipompata yule afande mwenyewe, tulikaa naye nje kwenye benchi, akatusikiliza mpaka mwisho, kiganja chake bado kilikuwa na alama ya kamba imekauka nyeusi. Akasema kitu kimoja tu: "Mkiniandika mimi, muandikeni na dereva. Mi chini kule nilikuwa sioni kitu, nilikuwa namwamini yeye." Jamani. Tulikuwa tumemsahau kabisa dereva, na mi kwa macho yangu nilimwona na lile gunia lake. Tukarudi tukaandika majina manne. Zimamoto haifanyi kazi mtu mmoja, hata kama mnamuombea mmoja kwa tendo lake la pekee, wenzake watajwe ndani ya barua, tena na walichofanya.

Hatua ya 4: Mtaa halafu kata

Muone mwenyekiti wa mtaa, muombe liwe jambo kwenye mkutano mkuu wa mtaa, ule wa wakazi wote wa miaka 18 na kuendelea. Vijijini ni mkutano mkuu wa kijiji. Pale mtu anasimama, anasoma maelezo, watu wananyoosha mikono, mtendaji anaandika kwenye muhtasari: wananchi kadhaa walihudhuria, wameazimia kuomba Baraza limpongeze fulani. Mahudhurio yaambatishwe na saini. Hapa nguvu yote inabadilika, kabla ya hapo ulikuwa wewe na karatasi zako, sasa ni mtaa unaongea.

Muhtasari ule unapanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mwenyekiti wa kamati hiyo ni diwani wenu na katibu ni mtendaji wa kata. Likipita pale diwani hawezi kusema sijui.

Hatua ya 5: Barua yenyewe

Ukurasa mmoja. Narudia, mmoja, viambatisho viwe nyuma. Inaenda kwa Mkurugenzi, maana yeye ndo katibu wa Baraza, na inapitia kwa mtendaji wa kata. Ukiwa Mbeya mjini ni Mkurugenzi wa Jiji, Iringa mjini ni wa Manispaa, Njombe, Makambako, Mafinga na Tunduma ni wa Mji, Rungwe, Kyela, Mbarali huko ni wa Wilaya. Jiji na manispaa mwenyekiti wa baraza ni Meya, kwingine anaitwa Mwenyekiti wa Halmashauri, usikosee maana barua ya "Mstahiki Meya wa Wilaya" inachekesha watu ofisini halafu inawekwa pembeni. Yetu baada ya kuifuta futa ilikaa hivi, chukueni mbadilishe:

"YAH: OMBI LA AZIMIO LA PONGEZI KWA ASKARI WA ZIMAMOTO NA UOKOAJI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi wananchi wa Mtaa wa ........, Kata ya ........, kupitia mkutano mkuu wa mtaa uliofanyika tarehe ........, tunaomba Baraza la Madiwani lipitishe azimio la kumpongeza (cheo, namba na jina kamili) wa Kituo cha ........

Tarehe ........ saa 10:20 jioni mtoto wa miaka saba alitumbukia kwenye kisima cha kuchimba. Simu ilipigwa 114 saa 10:24. Askari walifika saa 10:51. Askari tajwa alishuka kisimani akiwa na mtungi wa hewa na kamba, akamfunga mtoto kifuani kwake na kupandishwa naye akiwa hai. Askari wenzake (majina) walishika kamba, na dereva (jina) aliilinda kamba isikatike kwenye ukingo hadi zoezi lilipokamilika.

Tunaomba: moja, azimio hili liingie katika muhtasari wa Baraza, mbili, askari hawa wapewe barua ya pongezi, tatu, nakala ipelekwe kwa Kamanda wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wa Mkoa kwa ajili ya kumbukumbu zao za kazi.

Tunaambatisha muhtasari wa mkutano wa mtaa, maelezo ya mashahidi watatu na ridhaa ya Kamanda.

Naomba kuwasilisha."

Basi. Angalieni yale maombi matatu, yote yako ndani ya uwezo wa Baraza, hamna hata moja la kumfanya ofisa akune kichwa.

Sasa kupeleka. Mara ya kwanza barua hii niliiacha mezani kwa mtu kwenye ofisi moja ya umma, akaniambia kwa tabasamu nenda tu kaka tutalifanyia kazi, miezi mitatu nikarudi hamna anayeijua, haipo kwenye daftari, haipo kwenye faili, yule mtu kahamishwa. Niliumia kweli, bibi wa watu ananiuliza kila jumapili. Kwa hiyo sikilizeni, barua inapelekwa masijala, ile ofisi ya kupokea barua na kutunza mafaili, siyo kwa mtu. Nenda na nakala mbili, moja wanabaki nayo, ya pili wanakugongea muhuri wa kupokelewa wenye tarehe unaondoka nayo, na uliza namba ya kumbukumbu ya faili uiandike juu kwa peni. Bila muhuri hujapeleka barua.

Hatua ya 6: Kuingia kwenye kikao

Baraza la kawaida linakaa kila robo ya mwaka, mara nne, na mwaka wa serikali unaanza Julai. Mambo yanapita kwanza kwenye kamati za kudumu, kwa hiyo ukipeleka wiki moja kabla ya baraza umechelewa, ajenda zimeshafungwa. Hesabu mwezi mmoja na nusu hivi kabla. Nenda kwa karani wa vikao muulize kwa heshima tarehe ya vikao na kanuni za kudumu za halmashauri yenu zinataka hoja ya diwani ifike siku ngapi kabla, huyu ni mtu muhimu kuliko mnavyofikiri.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ndo rahisi na wengi hawaijui: mkutano wa baraza mara nyingi siku ya kwanza ni ya taarifa za kata, kila diwani anasoma taarifa ya kata yake ya robo ile. Muombe diwani na mtendaji wa kata tukio liandikwe humo ndani, aya moja tu. Likisomwa limeshaingia kwenye kumbukumbu hata kama mengine yatakwama. Ya pili ni hoja yenyewe ya azimio, diwani wenu anaitoa kwa maandishi, mwingine anaiunga mkono, wajumbe wanaamua. Fanyeni zote mbili.

Mtafuteni na diwani wa pili mapema wa kuunga mkono, ikiwezekana wa kata yenye historia na moto. Wa upande wa Mwanjelwa na Kabwe hawahitaji kuelezwa sana. Kama tukio lenu ni la lori la mafuta, njia yetu hii ya kwenda Tunduma magari ni hayo hayo kila siku, mtajeni Msamvu Morogoro Agosti 2019, zaidi ya watu 100 walikufa baada ya lori la petroli kupinduka na watu kukimbilia kuchota, kila diwani anaelewa hapo askari anayezuia watu na kumwaga povu anafanya kazi gani. Kule Mufindi moto wa misitu nao una wenyewe, askari wanalala porini siku kadhaa na hakuna anayewaona.

Kuhusu wakati: Mei 4 ni siku ya kimataifa ya wazimamoto, ilianza 1999 baada ya wazimamoto watano kufia kwenye moto wa msituni huko Linton, Australia, Desemba 1998. Kikao cha robo ya tatu huwa kinaangukia Aprili au Mei, ukiweza kulenga hapo diwani anapata cha kuanzia kusema. Na msipeleke kipindi cha kuelekea uchaguzi mkuu, mabaraza yanavunjwa, karatasi zinakaa mpaka madiwani wapya waapishwe.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Mkutano wa Baraza ni wa wazi, mwananchi unaruhusiwa kukaa kusikiliza, ila huongei. Valieni vizuri, simu zimeni, kaeni nyuma. Bibi mlete. Askari aje na sare kama Kamanda karidhia, na wale wenzake wote.

Zawadi sasa, hapa nasema kwa msisitizo. Watu walitaka kuchanga laki mbili kwenye bahasha. Nia njema, lakini yule ni mtumishi wa umma, bahasha ya mkononi inaweza kumgeukia, mtu akasema alilipwa kuokoa. Mkitaka kutoa kitu kipelekeni kituoni kwa barua, kipokelewe na ofisi, kiwe cha kituo. Sisi tulinunua kamba. Tuliuliza kwanza wanahitaji ya aina gani, maana ya dukani ya kufungia ng'ombe haifai kushushia mtu, wakatuelekeza.

Azimio lilisomwa dakika nne tu. Meya akawaomba wasimame. Wakasimama wanne, ukumbi ukapiga makofi, na dereva alikuwa anaangalia chini muda wote.

Hatua ya 8: Bunge, kama mnataka kufika huko

Mbunge wa jimbo ni mjumbe wa Baraza pia, kwa hiyo azimio likipita ameshalisikia au lipo kwenye makabrasha yake. Kwanza hakikisheni jimbo lenu, huku kwetu tangu uchaguzi wa 2025 Uyole ni jimbo lake, siyo tena Mbeya Mjini, na kuna watu bado wanapeleka barua sehemu siyo.

Ushauri wangu msikimbilie azimio la Bunge zima. Lile huwa ni la mambo ya kitaifa, hoja yake ina safari ndefu, na kwa tukio la mtaa mmoja mtasubiri mpaka mchoke. Kuna njia mbili fupi zenye heshima ile ile. Moja, mkutano wa bajeti, Aprili mpaka Juni, siku Wizara ya Mambo ya Ndani inapojadiliwa wabunge wanachangia, hapo ndo wanaongelea zimamoto, magari, vituo, maslahi ya askari. Muombeni mbunge amtaje kwa jina na tukio ndani ya mchango wake. Mpeni karatasi yenye sentensi nne zisizozidi, maana dakika zake ni chache na ana mambo ya jimbo zima. Akitamka linaingia kwenye Hansadi, taarifa rasmi ya majadiliano ya Bunge, na linabaki humo. Tena hapo anaweza kuunganisha na shida ya kweli, kwamba askari huyu alifanya haya na kituo chake kina upungufu huu, pongezi ikabeba na ombi mgongoni.

Mbili, wageni wa mbunge. Kila mbunge anaweza kualika wageni Dodoma, wanakaa jukwaani na Spika anawatambulisha asubuhi, wanasimama wanapigiwa meza. Kwa askari ruhusa ya Kamanda ni lazima, na nauli na malazi mjipange wenyewe mapema, msimtegemee mbunge.

Hatua ya 9: Msiache hapo

Makofi yakiisha kazi haijaisha. Muhtasari wa kikao unathibitishwa kwenye kikao kinachofuata, kwa hiyo baada ya miezi mitatu rudini kwa karani wa vikao, muombe nakala ya ukurasa wenye azimio uliothibitishwa, majina yasomwe herufi kwa herufi. Letu la kwanza lilikuwa limekosea jina la dereva, herufi moja tu, tukaomba lirekebishwe, likarekebishwa bila shida. Ukishachukua toa fotokopi. Moja peleka kituoni na barua ya kusindikiza iende kwenye mafaili yao, kwa kila askari siyo kwa mmoja, na gongewa muhuri kama kawaida. Moja ikae ofisi ya mtaa. Yetu ya tatu nilimpelekea bibi, ameiweka kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki ya mjukuu wake, na mbao za kile kisima tumebadilisha, sasa ni zege na mfuniko wa chuma.